Gauni Lililotoka Msibani

Sehemu ya Tisa

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025. Tunduma iliamka na baridi ya kukata masikio. Mbingu zilikuwa nyeupe bila wingu la maana, na upepo uliotoka upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, ulirusha vumbi kwenye macho ya kila aliyethubutu kufungua duka mapema.

Aliyethubutu alikuwa Erica. Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, msomaji: mkononi ameshika shuka la kumfunikia mdoli wa mlangoni kila jioni, na mbele yake mdoli amevaa gauni la zambarau lenye lesi nyeupe mikononi.

Gauni lile Erica alimuuzia mzee Amoni wa Iyula wiki iliyotangulia, akamzike nalo mama yake.

Alijiambia kwamba magauni ya zambarau ni mengi, yanakuja kwa marobota kutoka Kariakoo. Akageuza mkono wa gauni na kutazama lesi kwa ndani. Basi, hapakuwa tena na nafasi ya kujidanganya. Lesi ile ilikuwa yake mwenyewe. Aliitoa kwenye gauni lake la kipaimara, lile alilolitunza tangu kwao Ileje, akampa fundi Mbonile wa pale kibarazani aishone. Gauni la dukani lilikuwa na mikono mifupi, na mzee Amoni alisema, machozi yakidondokea kaunta, kwamba mama yake hakuwahi kuingia kanisani mikono wazi na hatamwingiza kaburini hivyo.

"Bwana Yesu," Erica alinong'ona. "Wamefukua kaburi."

"Halikufika kaburini," sauti ikamjibu nyuma yake.

Alikuwa Tabita, mwenzake wa dukani, chapati mkononi. Akasimulia huku anatafuna, kama alivyosimuliwa na aliyelileta gauni. Kumbe bibi alipokwisha kuvikwa gauni la zambarau, akina mama wa kanisa waliingia na sare yao. Wakasema mwenzao wa miaka yote hawezi kwenda kwa Bwana amevaa kama mgeni. Wakamvua, wakamvika sare, wakaimba. Gauni likakunjwa na kuwekwa chumbani pamoja na nguo zake nyingine. Juzi Watson, mdogo wake mzee Amoni, akalileta dukani ndani ya mfuko mweusi, na mama mwenye duka akalinunua kwa bei ya kutupa.

"Kwa hiyo alikuwa ameshavikwa," Erica alisema.

"Ameshavikwa, ameshavuliwa. Nimelifua, nimelipiga pasi. Usinitolee macho, dada. Mdoli mwenyewe hajalalamika."

Erica hakucheka. Aliyekulia vijiji vya huku anajua kwamba nguo ya marehemu haitoki nyumbani kabla wazee hawajakaa. Siku ya kumaliza matanga nguo zote huletwa nje, zikatandazwa juu ya mkeka, na kila moja ikapewa mtu wake mbele ya ukoo. Moja ikikosekana, hakuna anayemfikiria mwizi wa kawaida. Watu hufikiria mtu anayelitaka jasho la marehemu kwa kazi zake za gizani, na macho huanza kutafuta uso wa kumbandika jina hilo.

Akaanza kumvua mdoli. Zipu ilikuwa imefika kiunoni alipoingia mwenye duka.

Mama Lusubilo hakuwa mwanamke mbaya tangu mwanzo, na tuseme haki. Yeye ndiye aliyempokea Erica alipotoka Ileje bila kazi wala nduguze mjini. Yeye ndiye aliyemruhusu kutoka mapema ili awahi masomo ya jioni, wakati wenye maduka wengine wanawacheka watu wazima wanaobeba madaftari. Na ndiye aliyemwahidi kwamba duka jipya la Vwawa, lile lenye milango ya vioo, litakuwa chini ya mkono wake kuanzia mwezi ujao. Erica alikwisha kumpigia mama yake simu. Alikwisha kusimama kanisani kutoa shukrani.

"Unamfanya nini mdoli wangu?" Mama Lusubilo aliuliza.

Erica akasema gauni hili limetoka msibani, halifai kuuzwa.

Mama Lusubilo akaweka mkoba juu ya kaunta taratibu. "Erica mwanangu, mji huu wote unavaa mitumba. Sisi tulipokuwa watoto tuliiita kafa-ulaya. Umeshamwona mtu wa Tunduma akivua suruali njiani kwa sababu mwenyewe alifia Ulaya?"

"Aliyefia Ulaya simjui, mama. Huyu mwanawe alilia hapa nikampa maji ya kunywa."

"Na alipolipa, habari yake na sisi ikaisha. Mvalishe mdoli."

Erica akaomba alinunue yeye, akatwe mshahara. Mama Lusubilo akauliza angelinunua alipeleke wapi kama si Iyula, na akifika Iyula angesema amelitoa kwa nani. Akafungua mkoba, akatoa kishada cha funguo mpya, akakining'iniza kidoleni.

"Hizi ni za Vwawa," alisema. "Nilikuja kukupa leo. Usinifanye nifikiri upya."

Kabla Erica hajajibu, mteja wa kwanza akaingia.

Wenye maduka wa Tunduma wana imani moja ambayo mahubiri yote hayajaiondoa: mteja wa kwanza hatoki mikono mitupu. Akitoka hivyo, siku nzima imekufa. Bei itashuka, soksi zitaongezwa bure, ilimradi mfuko utoke mlangoni. Na mteja wa kwanza siku ile alikuwa mama mnene mchangamfu, amejifunga vitenge viwili kwa baridi.

"Mulishani mukwai," alisalimu kwa Kibemba, kisha akahamia Kiswahili. Akajitambulisha kwa jina la Violet, muuza kapenta, wale dagaa wakavu, wa sokoni Nakonde. Jumamosi bintiye Irene ana kitchen party, na akina mama upande wa bibi harusi wamekubaliana wavae zambarau. Wenzake wote wameshapata. Amebaki yeye, mama mzazi.

Erica akamtolea zambarau zote zilizokuwepo kwenye rafu. Moja ilikuwa fupi. Nyingine ilibana. Ya tatu Violet hakuitazama hata kidogo, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshafika kwa mdoli.

"Lile pale," alisema.

"Lina mwenyewe, mama," Erica akajibu upesi.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Hapo, msomaji, ndipo neno moja lingetosha: msibani. Violet ni mama mcha Mungu, angelisikia neno lile angerudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Erica alifungua mdomo. Nyuma ya kaunta funguo za Vwawa zililia, kidoleni mwa Mama Lusubilo.

"Alisema atarudi," Erica alisema.

"Basi amechelewa," Mama Lusubilo akamalizia, na kwa mikono yake mwenyewe akamvua mdoli.

Violet akalijaribu nyuma ya pazia. Lilimkaa. Akatoka akijizungusha mbele ya kioo, akapapasa lesi mkononi, uso ukamlainika.

"Lesi hii si ya dukani," alisema. "Kuna mtu ameiweka kwa upendo."

 Mama Lusubilo akashusha bei kabla hajaombwa, Violet akalipa kwa kwacha, na Erica ndiye aliyelikunja gauni na kulitia kwenye mfuko. Ndiyo, Erica. Mikono yake ilifanya kazi iliyoizoea, nadhifu, mkono juu ya mkono, lesi kwa ndani isichakae.

"Natotela mukwai. Mungu awabariki nyote," Violet alishukuru, akatoka, na upepo ukafunga mlango nyuma yake.

Funguo za Vwawa zikawekwa kiganjani mwa Erica. Zilikuwa za baridi.

Akaingia stoo, akapiga magoti kati ya marobota na kujaribu kuomba. Maneno hayakuja. Mtu anayeomba kila alfajiri anajua tofauti ya Mungu kunyamaza na mdomo wake mwenyewe kukataa. Akainuka na kurudi dukani kupanga vitenge, maana wateja wengine wawili walikuwa wameingia, na siku, kwa hesabu za Mama Lusubilo, ilikuwa imefunguka vizuri.

Pikipiki ikasimama nje. Aliyeshuka alikuwa mwekundu kwa vumbi toka kofia hadi viatu, na Erica alimtambua kabla hajajifuta uso.

Mzee Amoni.

Alimwambia kijana wa bodaboda amsubiri, akavua kofia, akawasalimu wote kwa upole, hata fundi Mbonile aliyekuwa kibarazani na cherehani yake. Kisha akaisogelea kaunta ileile aliyoililia.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini, "lile gauni la mama. Lipo lingine kama lile?"

Erica akauliza: "La nini, baba?"

Mzee akatazama nyuma yake, kisha akasema. Gauni limepotea msibani. Kesho mchana ni kumaliza matanga, wazee watatandaza nguo mkekani na gauni halipo. Aliyelikunja siku ile ni Aida, mke wake, kwa hiyo Aida ndiye anayeulizwa. Kwanza waliuliza kwa kuzunguka. Jana wameuliza wazi, anataka jasho la mkwewe kwa kazi gani. Leo amelala kwa jirani, kwa sababu hakuna anayekubali kula alichopika. Kesho wakiamua, wanamrudisha kwao Galula, na watoto wanabaki.

"Na anayepaza sauti kuliko wote," mzee alisema, "ni mdogo wangu Watson. Anasema damu ya mama inamlilia. Sijui nimwambie nini, maana ni kweli, mama alimpenda sana."

Tabita aliacha kukunja nguo. Erica alihisi funguo zikimchoma mfukoni.

"Mimi ni mzee wa kanisa," Amoni aliendelea, akiikunja kofia yake mpaka ikabaki ukubwa wa ngumi. "Sijawahi kusema uongo mbele ya watu. Lakini nikipata linalofanana, nitaliingiza uvunguni mwa kitanda cha mama, niseme nimeliona. Mungu atanihukumu mimi. Aida abaki nyumbani kwake."

Mama Lusubilo alikuwa amesikia kila neno. Ungetegemea uso ushuke kidogo. Haukushuka. Akamsogelea mzee, akampa pole kwa sauti ya mama mzazi, akasema Mungu ni mwema, gauni la rangi ileile lipo, na fundi yupo hapo nje, ataweka lesi nyeupe mzee akinywa chai.

"Erica," aliita, "mletee baba lile lililomkataa mteja wa asubuhi."

Basi huyo ndiye mwanamke aliyemnyooshea Erica mkono alipokuwa hana kitu. Amelinunua gauni la marehemu kwa mwanawe mmoja, amelivusha mpaka, na sasa anamuuzia mwanawe wa pili kivuli chake.

Erica akaenda kwenye rafu, akalichukua gauni, akasimama amewapa mgongo. Midomo yake ikasogea. Tabita, aliyekuwa karibu, alidai baadaye kwamba alimsikia akisema maneno mawili tu: nisamehe, nishike. Kisha Erica akageuka na kurudi mikono mitupu.

"Halitafaa, baba," alisema. "Lesi ya lile ilikuwa yangu, ya kipaimara changu. Imesukwa kwa mkono, haiuzwi popote. Mkeo ataijua, na wamama waliomvua bibi wataijua. Watasema Aida amewapumbaza kwa gauni la bandia, na hapo ndipo watakapommaliza."

"Erica," Mama Lusubilo alisema, polepole.

"Na gauni la mama yako halikupotea, baba. Lilikuwa hapa. Limekesha mlangoni, kwenye mdoli huo unaouona uchi. Asubuhi hii limeuzwa, na mimi ndiye niliyelifunga. Aliyelileta ni mdogo wako Watson."

Cherehani ya Mbonile ikanyamaza. Wale wateja wawili wakaachia vitenge walivyokuwa wakipima.

Mtu angetarajia mzee Amoni ashukuru. Uso wake ulijifunga. Alimtazama Erica kama mtu anayetazama mbwa aliyemuuma baada ya kulishwa.

"Watson tumezaliwa tumbo moja," alisema. "Alibeba jeneza upande wa kichwa."

Mama Lusubilo akaiona nafasi, naye hakuwa mtu wa kuiacha ipite. Akawageukia wateja akicheka kwa huzuni, akasema wamwie radhi, binti huyu ameachishwa kazi asubuhi kwa utovu wa nidhamu, sasa anatafuta pa kumwagia uchungu. Akamwita Tabita aseme kama gauni la zambarau lenye lesi limewahi kurudi humu.

Tabita alimtazama Erica. Walikuwa wamekula sahani moja kila mchana. Siku Tabita alipougua, Erica ndiye aliyemuuguza na kumfulia nguo. Macho ya Tabita yakashuka hadi mfuko wa Erica, ulipochomoza kishada cha funguo.

"Mimi sijaona gauni lolote," alisema.

Mama Lusubilo akanyoosha kiganja. Erica akazitoa funguo za Vwawa, akazirudisha. Kisha akavua futi kamba iliyokuwa shingoni mwake tangu asubuhi, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya kaunta. Mama Lusubilo akaichukua, na bila kugeuza shingo akamvika Tabita.

"Mlango unaujua," alimwambia Erica.

Alipopita karibu naye, Tabita akamnong'oneza bila kuinua uso kwamba asijisumbue kukimbia, limeshavuka. Nakonde ina vichochoro kuliko nywele za kichwani, na muuza kapenta pale si mmoja.

Nje upepo ulikuwa umezidi. Mzee Amoni alikuwa ameshapanda pikipiki, kijana akiipiga teke iwake. Erica akaushika usukani.

"Baba, nisikilize."

"Nimesikiliza vya kutosha," mzee alisema, na sasa sauti ilikuwa imepasuka. "Unataka niingie kesho kwenye baraza niseme mwizi si mke wangu, mwizi ni mdogo wangu, na shahidi wangu ni muuza duka aliyefukuzwa kazi? Mwenzako amekukana humo ndani. Gauni lenyewe hunalo. Binti, wewe umenipa maneno. Wazee hawatandazi maneno mkekani."

 Erica aliuachia usukani. Wateja wale wawili walikuwa wametoka mlangoni na kusimama. Tabita alichungulia kwenye kioo, futi kamba shingoni. Na fundi Mbonile, ambaye alikuwa ameishona lesi ile kwa mikono yake na hakuwa amefungua mdomo tangu ugomvi uanze, kwa sababu kibaraza anachoshonea ni cha Mama Lusubilo, aliinuka kwenye kigoda chake.

Hakusema aliyojua. Hilo tusimpe sifa. Lakini alivua miwani, akasema hivi:

"Kama una neno, mwanangu, liseme hapa mbele yetu. Tulisikie wote, lisije likageuzwa kesho."

Erica akatazama upande wa mpaka, mahali malori yalipokuwa yakisogea moja moja. Jina la mwanamke analijua. Nyumba haijui. Jumamosi gauni lile litachezewa ngoma mbele ya watu, na kabla ya Jumamosi kuna kesho. Hakuapa, maana kwao Ileje alifundishwa kwamba mtu wa Mungu haapi. Aliinua mkono wake wa kuume ili waone kwamba hauna kitu, akapaza sauti mpaka waliokuwa duka la pili wakageuka.

"Mzee Amoni, naahidi mbele ya fundi Mbonile na mbele ya hawa wote. Kesho, kabla wazee hawajamaliza kutandaza nguo, nitakuwa Iyula na gauni la mama yako mkononi. Nikifika mikono mitupu, waambie mwizi ni mimi Erica, mimi ndiye niliyelitaka jasho la marehemu, wanifanye wanavyotaka. Lakini Aida asiondoke nyumbani kwake."